Siku ya Watuma Salamu Bwera

Ukumbi tulimokuwa tukikutana Bwera sasa ni stoo ya saruji. Nikipita hapo kwenda mpakani Mpondwe naona uchungu, maana sijui ni wangapi leo wangeamini kwamba wakulima na wachuuzi walivaa nguo za Jumapili, wakateremka milimani kwa bodaboda, wengine wakavuka mpaka kutoka Kongo kuja huku Uganda, ili tu waonane na watu waliowajua kupitia kipindi cha salamu redioni. Hakuna aliyelipwa nauli, na soda ilikuwa moja kwa kila mtu.

Siku hizi anayetaka kumsalimu mwenzake anampigia simu. Kadi za salamu hakuna anayezinunua. Korona ilipokuja, mpaka wa Kongo ukafungwa, mkutano ukaahirishwa, na mpaka ulipofunguliwa hakuna aliyeuitisha tena.

Mama yangu alikuwa shabiki sugu wa kipindi hicho. Alilima kahawa kule Mahango, na redio yake ilikwenda naye shambani ikiwa imefungwa kwenye kanga. Salamu zake zilijulikana. Alianza na wanaopalilia, akaja kwa walio hospitali, akamalizia na "yule anayedhani leo hakuna wa kumsalimu". Mtangazaji akifika hapo alikuwa akirudia mara mbili kabla ya kuendelea. Watu walimheshimu sana Mama kwa maneno hayo. Wasichokijua ni kwamba hakujua kusoma wala kuandika. Yeye alisema, mimi niliandika, kila Jumamosi nilipopanda kwenda kumwona.

Na mimi ni mwalimu. Nimefundisha watoto wa watu kusoma miaka mingi pale Kasese, lakini mama yangu nilikuwa nikimwambia likizo ijayo, likizo ijayo. Mganga hajigangi, nasi walimu tuko hivyo hivyo.

Miaka tisa alikuwa akialikwa Bwera na kukataa. Mwaka wa kumi akasema anakwenda. Nilimwambia njia ni mbaya, mvua itanyesha, magoti yake hayafai kwa pikipiki. Ukweli ni kwamba nilimwonea aibu. Niliogopa watu wale wangegundua kwamba bingwa wao hajui hata herufi moja. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza avae gauni lipi.

Desturi ya mkutano hatukuijua. Mlangoni kila mmoja alitumbukiza kikapuni kadi moja ya salamu zake, isiyo na jina; Mama akatoa moja niliyomwandikia nyumbani. Baadaye kikapu kilizungushwa, kila mtu akavuta kadi ya mwenzake na kuisoma mbele ya wote, na ukumbi ukabashiri ni ya nani. Walipatia karibu kila mara. Walijuana kwa mpangilio wa salamu, kama unavyomjua jirani kwa kikohozi chake. Nilivutiwa hata nikasahau hofu yangu, mpaka kikapu kilipofika kwa Mama.

Nilinyoosha mkono nimsomee, nikadai amesahau miwani. Katibu, dada mmoja fundi cherehani wa pale Bwera, akakataa kwa tabasamu: aliyevuta ndiye anayesoma. Mama akasimama. Akaitazama kadi bila haraka, macho yakitembea kutoka upande mmoja hadi mwingine, akaanza:

"Nawasalimu wachukuzi wote wa Mpondwe, zaidi yule aliyebeba chumvi yangu mvua ikinyesha na haikulowa. Namsalimu na mama mkwe, ambaye hapendi redio, kwa hiyo mumwambie nyinyi."

Ukumbi ukacheka. Kila mtu alijua hizo ni salamu za nani. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo, aliyekuwa akinunua chumvi ya Katwe, akasimama na kuinua mkono. "Iko yangu," akasema. Mama akakaa. Nilipoichungulia kadi mkononi mwake, niliona haikuwa na neno hata moja kuhusu chumvi.

Nusu saa baadaye mzee mmoja wa Karambi akavuta kadi yake na kusoma. Wachukuzi wa Mpondwe. Chumvi. Mama mkwe. Safari hii hakuna aliyebashiri, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Yule wa Butembo akasimama tena.

"Na hii iko yangu. Niliweka mbili. Munisamehe, miye niko mutu ya maneno mingi."

Watu wakapiga makofi na kikapu kikaendelea. Mwishoni katibu alipita kukusanya kadi. Alipoichukua iliyokuwa mkononi mwa Mama aliisoma yote. Ilikuwa kadi ya Mama mwenyewe, ile niliyomwandikia, na ndiyo pekee ambayo haikusomwa siku ile. Akaitia mkobani, akamuuliza Mama kama amepata soda.

Njiani nilimuuliza Mama aliwezaje. "Miaka yote hiyo namusikia," akasema. "Wewe mwalimu, redio ikisema, ulikuwa unasikia nini?" Lakini mwaka ule wote hakutaja tena mkutano, na kadi zake zikawa fupi. Nilidhani Bwera imekwisha kwake.

Barua ya mwaliko ilipokuja, ni mimi niliyembembeleza. Alikubali kwa shingo upande, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Katibu akasimama mbele. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, anayetunga uzi sindanoni bila kukunja uso. Akasema wanachama wamekubaliana kwamba macho ya wengi wao yamechoka, kwa hiyo kikapu hakitakuwepo tena, wala kusoma. Kila mtu atasema salamu zake kwa kichwa. Nikaangalia kulia na kushoto, zaidi ya watu arobaini. Hakuna aliyegeuka kututazama, hata mmoja. Nimekaa katika mikutano mingi ya watu waliosoma, na sijaona adabu ya namna ile.

Mama akanishika mkono.

"Wanajua," akasema polepole.

"Ndiyo, Mama."

"Wote?"

"Wote."

Akaniachia mkono, akainuka, akatembea hadi mbele kabisa, akawa wa kwanza.