Mapazia ya Bwana Gittins

Saa moja na nusu asubuhi mapazia ya Bwana Gittins yalikuwa bado yamefungwa, na Beryl Stallard aliyaona. Alikuwa amesimama kwenye dirisha la jiko lake, ng'ambo ya barabara, kikombe cha chai mkononi, kama alivyosimama kila siku tangu amzike mumewe. Usije ukasema alikuwa anachungulia. Katika mji mdogo wa Hopsley hakuna anayechungulia. Watu wanaosha vyombo tu, na ikatokea kwamba madirisha ya jikoni yote yanatazama barabarani.

Cyril Gittins, fundi saa mstaafu wa miaka sabini na nane, alikuwa akifungua mapazia yake kila siku saa moja kamili, jua liwepo lisiwepo. Ungeweza kurekebisha saa yako kwa mapazia yale. Leo hayajaguswa. Na mlangoni ilisimama chupa ya maziwa iliyoletwa alfajiri, ambayo kwa kawaida haikai hapo dakika kumi.

Ilikuwa Februari, baridi ya kukata masikio. Beryl akaosha kikombe, akakifuta, akakiosha tena. Labda mzee amelala kidogo, akajiambia. Mtu hana ruhusa ya kulala kidogo nyumbani kwake? Saa mbili ikapita.

Hebu niwaambie walivyoishi wawili hawa. Miaka thelathini na moja wametazamana mlango kwa mlango, na hakuna aliyewahi kukanyaga ndani kwa mwenzake. Hawakugombana, la hasha. Walipendana, kwa namna yao. Kila Julai Bwana Gittins alimwachia maharage mabichi kizingitini, na kila Septemba Beryl alimwachia chupa ya jamu, naye akiiweka chini na kuondoka kabla mlango haujafunguliwa. Wakikutana barabarani wanazungumzia mvua. Kama mvua haipo, wanazungumzia kwamba haipo. Waliitana Bi Stallard na Bwana Gittins, basi. Mtu wa kwetu angesema hawa ni mahasimu, kumbe huo ndio ujirani mwema wa Hopsley, na wanajivunia.

Kwa nini basi asivuke barabara akagonge mlango? Kwa sababu ya Hilda Pask. Miaka kumi na moja nyuma, Hilda aliona mapazia ya mwalimu mmoja hayajafunguliwa mpaka saa sita mchana, akaita polisi. Mlango ukavunjwa. Mwalimu alikuwa mzima wa afya, kajilalia, na hakulala peke yake. Mji mzima ulicheka. Hakuna aliyemcheka Hilda usoni, hilo lingekuwa ukosefu wa adabu, lakini akiingia dukani mazungumzo yanakatika, na nyuma yake akabatizwa jina la Inspekta. Mwaka haukwisha Hilda akahamia kwa dada yake, pwani. Beryl naye alicheka siku zile. Alikumbuka alivyocheka.

Saa tatu uvumilivu ukamshinda. Akachukua chupa ya jamu ya zambarau, akavaa koti, akavuka. Alikuwa na kisingizio mkononi, kwa hiyo alitembea kwa heshima zake zote. Akaweka jamu kando ya maziwa. Akagonga mara mbili kwa ukucha, akakohoa kidogo, akasikiliza. Kimya. Akagonga tena kwa adabu, na kugonga kwa adabu kwa watu hawa ni karibu sawa na kutogonga. Halafu akageuka akarudi kwake, masikio yakimwaka kwa aibu kama mwizi.

Ndani hakukukalika. Akaenda dukani kwa Dilys Pugh, ambaye anauza stempu, soseji na habari za watu.

"Baridi leo," Beryl alisema.

"Baridi," Dilys alikubali. "Lakini kavu."

"Kavu, ndiyo. Wengine watakuwa wamechelewa kuamka, na baridi hii."

Dilys akaacha kupanga magazeti. "Wengine akina nani?"

"Wengine tu."

"Bwana Gittins hajaja kuchukua gazeti lake, kama ni yeye unayemuulizia."

"Sijamuulizia mtu, Dilys. Nimekuja kununua stempu."

"Mimi sijasema neno, mpenzi wangu." Dilys alitabasamu nusu mdomo. "Umri wenu huo, mtu akijali jirani yake si dhambi. Ila tu tusije tukapata Inspekta wa pili."

Ulikuwa utani, na Dilys si mtu mbaya. Beryl alicheka, akanunua stempu nne asizozihitaji, akatoka. Gazeti! Mzee yule hajawahi kukosa gazeti lake, hata siku aliyomzika dada yake. Sasa Beryl alijua, kabisa alijua, na bado alipofika kwake alivua koti akalitundika. Wazee wetu walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi nasema kuna matumbo yanayostahimili mno.

Saa nne na nusu ndege mdogo alitua juu ya chupa ya maziwa, akatoboa kifuniko chake chepesi cha karatasi ya bati, akaanza kunywa taratibu bila wa kumfukuza. Hapo Beryl akanyanyua simu. Namba aliipata kwenye kitabu, maana hakuwahi kuipiga. Ikalia. Aliisikia sikioni, na akaisikia tena kwa mbali, ikilia ndani ya nyumba ile na kuvuka barabara. Akahesabu milio ishirini. Pengine yuko bafuni, alijaribu kujiambia, na hapo hapo akajikasirikia, akaitupa simu, akatoka mbio bila koti, slipa miguuni.

Ufunguo ulikuwa chini ya chungu cha maua cha tatu, nyuma ya nyumba. Hopsley kila mtu anajua ufunguo wa mwenzake ulipo, na hakuna anayeugusa. Tundu akalikosa mara mbili. Kisha mlango ukafunguka, na baridi ya ndani ilikuwa kali kushinda ya nje.

Bwana Gittins alikuwa chini, juu ya mawe ya jiko, ubavu mmoja, mguu umepinda usivyopinda mguu. Midomo ilikuwa ya bluu. Macho yalikuwa wazi.

"Bi Stallard," alisema, sauti imekauka. "Uniwie radhi. Umenikuta sina soksi."

Beryl alipiga simu ya gari la wagonjwa. Wakamwambia dakika hamsini, barabara ina barafu. Akapanda ghorofani kwenye chumba asichowahi kukiona, akakokota mablanketi yote kitandani, akamfunika. Hakuthubutu kumsogeza. Akaketi sakafuni, akaishika mikono yake miwili, ikawa kama ameshika vyuma.

"Umeanguka saa ngapi?"

"Jana. Taarifa ya habari ya jioni ilikuwa inaanza. Nyonga, nadhani."

"Umelala hapa usiku kucha?"

"Haikuwa mbaya sana." Akavuta pumzi, na kifua kikakoroma. "Samahani kuhusu simu. Sikuweza kuifikia."

"Nyamaza na samahani zako."

Ukutani saa kadhaa, kazi ya mikono ya mzee, zilipiga tik-tak kila moja kivyake. Kisha akasema, "Saa tatu nilikusikia."

Beryl alimtazama. "Ulinisikia?"

"Ulikohoa. Nikajua ni wewe."

"Na sauti ulikuwa nayo?"

"Ya kutosha."

"Sasa mbona hukuita, mwanamume wewe?"

Mzee alifikiri, kwa sababu alitaka kujibu kwa haki. "Uligonga taratibu. Nikaona una shughuli zako. Haifai kumpigia mtu makelele asubuhi yote hiyo, na mimi sijavaa. Nikasema, atarudi."

Hasira ilimpanda Beryl toka miguuni. "Mjinga wewe," alisema. "Cyril, mjinga mkubwa wewe." Machozi yakamdondoka, akaacha yadondoke. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake.

Bwana Gittins hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyepewa kitu. "Na wewe, Beryl," aliuliza polepole, si kwa kumshtaki, kwa kutaka kujua tu. "Mapazia uliyaona saa ngapi?"

Angeweza kudanganya.

"Saa moja na nusu," alisema.

Akaitikia kwa kichwa, kidogo. Hakumlaumu. Laiti angemlaumu! Akafumba macho, na Beryl akaanza kumsemesha asilale: habari za maharage, za mumewe, za mtoto aliyempoteza tumboni mwaka ule walipohamia, mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu Hopsley. Alimwambia yote, haraka haraka, akivisugua mapajani mwake viganja vile vilivyoganda. Mwanzoni Cyril alijibu. Halafu akawa anaguna. Gari lilipofika alikuwa haguni tena, ila anapumua.

Alifariki siku ya tatu, kwa kichomi. Daktari alisema kwamba kifua cha mzee hakiwezi sakafu ya mawe kwa saa nyingi kiasi kile. Hakusema saa ipi ndiyo iliyozidi. Beryl aliondoka hospitalini akiwa anazihesabu saa zile, na hajaacha.

Baada ya maziko watu walikunywa chai katika ukumbi wa kanisa, wakazungumzia theluji iliyotishia kuanguka ikaghairi. Mpwa wa marehemu, Rosalind, mwanamke mpole aliyesafiri tangu alfajiri, alimtafuta Beryl katikati ya watu akamshika mkono.

"Wewe ndiye Bi Stallard? Nilitaka nikushukuru. Mjomba alikutaja katika kila barua. Alisema hajapata kuona jirani kama wewe. Miaka thelathini na moja, na hukumsumbua hata siku moja."

Kikombe cha Beryl kiligonga kisahani chake, chai ikamwagika.

"Laiti ningemsumbua," alisema. "Mungu anisamehe, ningemsumbua kila siku."

Rosalind alingoja kidogo, kama mtu anayetaka kuuliza. Lakini kuuliza si adabu. Akaichukua leso yake akaifuta ile chai, akasema kumbe sandwichi za jibini ni nzuri, Bi Stallard ameonja?