Nilichomwambia Mwenyekiti

Nilipokwenda kuchunguza jinsi siasa zinavyowagusa wakulima, nilipanga chumba kwa mjane mmoja, nje kidogo ya Segese. Alilima mahindi karibu na uzio wa mgodi. Kila asubuhi nilimsalimu kwa lugha yake, "Mwangaluka, mayu," naye akaicheka lafudhi yangu ya pwani.

Alasiri moja mwenyekiti wa kitongoji alinikaribisha kwake kula michembe, vile viazi vilivyokaushwa juani. Alikuwa mtu mchangamfu, na ndiye aliyenipokea siku ya kwanza. Akaniuliza, kama mtu anayepitisha muda tu, "Eti mkutano wa wale wa chama kingine ulipata watu?"

"Walijaa," nikasema. "Hata mama mwenye nyumba wangu alikuwepo."

Nilisema kwa kujigamba kidogo, aone kwamba kijiji nimeshakijua. Akanisogezea sahani.

Baada ya wiki kadhaa, orodha ya mbolea ya ruzuku ilibandikwa ofisi ya kijiji. Jina la mama halikuwemo, ingawa alijiandikisha nikiwa pembeni yake.

"Watakuwa wamesahau," akasema.

Nikaenda kwa mwenyekiti. Aliniambia kwa upole, "Mtafiti, wewe andika yako. Haya ya kwetu tuachie wenyewe."

Siku ya nne, tukiwa tunapalilia, nikamweleza mama yote. Akasimamisha jembe.

"Nilikwenda kusikia habari ya mpaka wa mgodi," akasema. "Shamba lenyewe si ndilo hili? Yeyote angeitisha mkutano huo, ningekwenda."

"Nisamehe, mama."

Alimaliza mstari wake, akaanza mwingine.

Nilimnunulia mfuko wa mbolea sokoni Kagongwa. Akaukataa. "Wataniuliza umetoka wapi," alisema, "na wewe utakuwa umeshaondoka." Msimu ule mahindi yake yalikuwa mafupi, majani ya njano, na jirani aliyekuwa kwenye orodha alivuna hadi akakosa pa kuweka.

Katika tasnifu yangu, sura niliyoandika kuhusu orodha ile ndiyo aliyoisifu msimamizi wangu wa chuo kuliko zote. Niliandika kwamba majina ya waliohudhuria mkutano "yalimfikia" mwenyekiti. Msimamizi hakuuliza yalimfikiaje, nami sikusema.