Niliweka kidole mara nne kwenye duka la simu Riyadh, kumbe kila kidole kilikuwa sahihi

Wakuu, salaam kwenu wote mlio huku Ughaibuni na mlio nyumbani.

Huwa nasoma tu nyuzi za wenzangu, sichangii. Leo naandika kwa sababu yaliyonikuta yanaweza kumkuta yeyote kati yenu. Sitaongeza chumvi, na nilipokosea nitasema nilikosea.

Mimi ni binti wa Kondoa. Nafanya kazi za ndani Jeddah, mtaa wa Aziziya. Kabla ya hapo nilikuwa Riyadh, kwenye kampuni inayopeleka wasichana kufanya usafi majumbani kwa saa. Tulikuwa tunalala Murabba, kwenye vyumba vya kampuni.

Wanaofanya kazi hizi watanielewa. Ukishika jiki na sabuni kila siku, mistari ya vidole inafutika. Mashine ya alama za vidole inakukataa.

Uwanja wa ndege ilinikataa. Siku ya kutengeneza ikama, yaani kibali cha kuishi huku, ilinikataa. Unaambiwa futa kidole, weka tena, bonyeza. Unazoea, huulizi tena kwa nini.

Basi Ijumaa moja nilienda kununua laini ya simu. Nilienda na Nekesa, Mkenya tuliyelala naye chumba kimoja. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, anajua kusema "karibu dada".

Akachukua ikama yangu, akaandika vitu kwenye kompyuta yake ndogo. Skrini ilimwelekea yeye. Nikaweka kidole.

"Mafi," akasema, maana yake haijasoma. Nikafuta kwenye abaya, nikaweka tena. Mafi. Mara ya tatu, mafi. Mara ya nne ndipo akatabasamu, akanipa laini.

Nekesa alikuwa anacheka mpaka anashika meza. "Wewe umeosha nyumba za watu hadi ukajiosha identity!"

Na mimi nikacheka. Laini ilifanya kazi vizuri. Baadaye nikahamishiwa kwa kafili mpya, yaani mwajiri anayekudhamini, ndio hawa wa Jeddah, na nikalisahau lile duka.

Sasa mwaka huu, siku moja baada ya chakula cha mchana, Baba akaniita sebuleni. Baba ndiye bosi wangu. Madam, mke wake, alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Una laini ngapi za simu?"

"Moja, Baba."

"Fikiri kwanza."

"Moja."

Alikuwa amepigiwa simu na polisi, yeye kama kafili wangu. Kuna laini yenye jina langu na namba yangu ya ikama inatumika kutapeli watu, wanapigiwa na kudanganywa watoe namba za siri za benki.

Madam akasema, "Mwulize vizuri. Hawa wanaonyamaza ndio wa kuogopa."

Wakuu, mimi ni mtu wa aibu. Nikisemwa naangalia sakafu. Siku ile nikaangalia sakafu, na nilijua kabisa kwamba naonekana mwizi.

Baba si mtu mbaya. Aliniambia wazi: ana wiki moja ya kutoa majibu. Nisipojisafisha, atanikabidhi kwa wanaohusika, na nikirudishwa nyumbani nitarudi na doa hilo kwenye jina langu.

Hapa kuna huduma ya serikali, unaingiza namba ya ikama inakuonyesha laini zote zilizosajiliwa kwako. Tukaingia kwa simu ya Baba. Zikatokea nne. Moja yangu, tatu sizijui. Zote za tarehe moja, zote Riyadh.

Hapo ndipo nilipokumbuka mafi, mafi, mafi.

Nikampigia Nekesa, bado yuko Riyadh. Akaniambia, "Nyamaza tu, my dear. Ukisema umeibiwa watakuuliza kidole ni cha nani. Ni chako! Omba msamaha, mambo yaishe."

Alisema kwa kunipenda. Lakini nikafikiri usiku ule na kesho yake nikipiga deki: nikiomba msamaha nimekubali. Na sikufanya.

Kuna kitu kimoja nilikijua vizuri. Kule kwenye kampuni tulikuwa tunaingia kazini kwa basma, yaani alama ya kidole. Ukichelewa hata dakika mbili, msimamizi anakuonyesha saa uliyoweka. Kwa hiyo nilijua mashine haishiki kidole tu. Inashika na saa.

Nikamwambia Baba, naomba unipeleke ofisi ya kampuni ya simu. Alishangaa, maana sijawahi kumwomba kitu. Akanipeleka.

Dada wa kaunta aliangalia kompyuta yake, akaniuliza kupitia Baba kama vidole ni vyangu.

"Ni vyangu."

"Basi halas, imeisha. Kidole ni sahihi. Sheria inakihesabu sawa na kalamu."

Baba akaanza kusimama. Mimi sikusimama. Nikasema kwa Kiarabu changu kibovu, "Halas bado. Nataka saa. Kila kidole, saa ngapi?"

Akasema hilo si la mteja. Nikamwambia kama ni sahihi yangu, basi na karatasi yake ni yangu. Nilibaki kwenye kiti. Watu nyuma wakaanza yalla, yalla, niharakishe. Nikabaki.

Mwishowe akamwita mkubwa wake, na yule mkubwa akachapisha kumbukumbu zote.

Mikataba minne. Duka moja, mashine moja, muuzaji mmoja. Yote ndani ya dakika sita. Na mahali pa namba ya kupokea taarifa za mikataba iliandikwa namba nisiyoijua, ndiyo maana sikupata meseji hata moja.

Baba akazisoma, akazisoma tena. Akamgeukia yule mkubwa. "Dakika sita? Mimi na elimu yangu mkataba mmoja siwezi kuumaliza kwa dakika sita."

Yule mkubwa ndiye aliyetuelewesha. Sahihi ya kielektroniki ina nguvu kweli, lakini mteja lazima ajue anachosaini, na lazima apewe nakala. Nikaandika malalamiko kwa Kiswahili, taratibu, Baba akayatafsiri kwa simu yake, akaweka kwa Kiarabu.

Laini tatu zilifungwa. Nikapewa barua kwamba mimi ni mlalamikaji. Baba akaipeleka kwa waliompigia, na wiki ikaisha nikiwa bado Aziziya, jina langu likiwa safi. Yule muuzaji sijui aliishia wapi.

Kosa langu nalikubali. Nilimwachia mtu skrini, nikamwamini kwa sababu alisema karibu dada. Neno mafi alilisema yeye, halikusemwa na mashine.

Wakuu, kidole ni sahihi. Namba ya siri inayokuja kwenye meseji ni sahihi. Kubonyeza "nakubali" ni sahihi. Mwambie muuzaji ageuze skrini. Akisema haijasoma, mwambie akuonyeshe ilipoandika hivyo. Usiondoke bila nakala. Na ukishaibiwa, usiombe msamaha wa kosa la mwenzako. Dai kumbukumbu, zipo.

Madam hakuniomba radhi. Ila siku ya pili alikuja jikoni, akaweka simu yake juu ya meza, akasema, "Nionyeshe unavyoangalia laini."

Nekesa naye ameangalia. Anazo mbili asizozijua. Jumapili anaenda ofisi ya kampuni yake ya simu, na safari hii hacheki.

Wenye uzoefu wa huku au wa nyumbani, semeni na nyie, hasa mnaojua utaratibu wa Tanzania na Kenya ukoje. Wa kunisema kwa uzembe pia karibuni. Lakini kaangalieni kwanza laini zilizo kwa majina yenu, ndipo mrudi kuandika. Uzi hauendi popote.