Sukari ya Mheshimiwa

Fundi huyu wa gemu za kompyuta, hapo juu ya duka la mbegu mjini Kakamega, hutafuna muwa huku akifikiri, kisha hujipangusa vidole kwenye sketi kabla ya kugusa kibodi. Wapiga kura anaowachora huwasemesha kama majirani: "Haya mama, toka nje, wagombea wamefika." Ukimuuliza neno akiwa kazini, hukujibu bila kugeuza shingo.

Leo amegeuka. Msaidizi wa mheshimiwa mmoja, anayetaka kuinunua gemu yake ya kampeni wawafundishie vijana wao, ameijaribu mwenyewe. Humo ndani ya gemu akagawa sukari kijiji kizima. Wanawake wakapokea kwa vigelegele, wakapokea na ya mpinzani, halafu siku ya kura wakampa mwingine kabisa.

"Madam, hii imeharibika. Mtu akikula sukari yetu anapigia nani kura?"

"Anayemtaka."

"Rekebisha basi, tuinunue."

Fundi akajipangusa vidole taratibu, akamwonyesha kwenye skrini mwanamke wa leso ya kijani aliyesimama mbele ya foleni.

"Huyu nilimchora nikimwangalia mama yangu. Sukari mliyompa mama juzi, leo asubuhi tumekunywa chai nayo. Nenda umrekebishe yeye."