Siku Karanga Zilipoungua

Fundi cherehani mmoja, mama wa binti wa pekee, alikuwa hajasikia harufu yoyote kwa miaka miwili, tangu homa kali ilipompitia. Chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni. Alikula ili aishi tu.

Jumapili mchana binti alitaka wapike wali wa kuku wa Kithai, wenye mchuzi wa karanga. Mama alitia karanga kikaangoni jikoni, kisha akageuka kukata kuku huku binti akikamua ndimu.

"Karanga zinaungua!" mama akapiga kelele.

Binti alizima jiko mbio, halafu akaganda. "Mama, umejuaje? Si ulizipa mgongo?"

Kisu kilimponyoka mama. Aliinamia kikaango, akavuta pumzi, akajishika kifua. "Mwanangu, nasikia harufu! Hebu lete hiyo ndimu." Aliinusa, akanusa kitunguu saumu, akanusa hata shingo ya binti yake, kisha akakaa sakafuni.

Karanga hawakuzitupa. Walizisaga hivyo hivyo na tui la nazi, sosi ya soya na pilipili, wakamwagia juu ya wali na kuku. Mchuzi ulikuwa mchungu kidogo. Mama aliusikia ule uchungu, akaangua kilio, akaomba bakuli la pili.