Mpagazi Aliyefufuka Mtaa wa Mchikichi

Enzi zetu sinema ilianzia katikati. Nyie vijana wa leo, mnaorudisha na kurusha picha kwa kidole, hamtanielewa. Sisi watoto wa Kariakoo tulikuwa na chuo cha Kurani, na maalim hatuachii mpaka saa kumi, wakati mkanda kwenye banda la video la Mtaa wa Mchikichi ulishaanza tangu saa tisa. Basi mimi na kaka Idi tunaingia juzuu kwapani, tunabanana kwenye benchi lenye misumari, jasho la watu wazima na harufu ya mihogo ya kukaanga, tunakuta Mzungu keshapotea msituni zamani.

Suti yake nyeupe haikuchafuka hata akipigana na mamba. Nyuma yake alikuwapo mpagazi, sanduku kichwani, anacheka mpaka fizi. Tulimpenda yule, maana alifanana na wabeba mizigo wa sokoni kwetu. Hatujakaa vizuri, daraja la kamba linakatika, mpagazi anakwenda na maji. Banda zima, "Aaah!" Mzungu anavua kofia kidogo, anaendelea na safari, anapata dhahabu, anambusu bibie, mwisho.

Hatutoki. Mwenye banda anarudisha mkanda, anaanza upya, na mpagazi huyo anatokea, mzima, mkavu, anacheka! Siku ya kwanza nilimuuliza Idi, si amekufa huyu? Idi alinizidi miaka miwili na ujuzi wote wa dunia. "Msitu wa Wazungu ndivyo ulivyo," akasema. "Watu wanakufa kwanza, wanapona baadaye." Mpagazi akishafunga sanduku kuanza safari, tunakumbuka onyo la mama: "Adhana ya magharibi ikikukuta nje, ulale huko huko kwa Wazungu wako." Tunatoka mbio. Kwetu sisi picha iliishia hapo, watu wote wazima.

Leo nimejikunja kwenye kochi, ambalo mke wangu anasema lina shimo la umbo langu, binti yangu Rukia akaikuta picha ile kwenye simu yake. Nikajivuna, njoo baba akuonyeshe sinema. Daraja likakatika. Mtoto akaangua kilio.

"Usilie, mama. Huyu anarudi."

"Kweli, baba?"

"Nimeiona mara ishirini. Baba akudanganye?"

Akafuta machozi, tukangoja. Dhahabu. Busu. Majina. Kioo kikawa cheusi.

"Mbona hajarudi?"

Nikachanganyikiwa mtu mzima. Nikampigia Idi, siku hizi yuko Magomeni. Yule mpagazi wa darajani alirudi, hakurudi?

"Alirudi! Si tulimwona kwa macho yetu? Kalale, mdogo wangu, umezeeka vibaya."

Rukia ananitazama kama mteja aliyegundua mizani ya muuza sukari inapunja. Nikavuta picha nyuma kwa kidole, kama nyie, mpaka mpagazi akatokea, mkavu, anacheka.

"Huyo hapo."

"Baba, huo ni mwanzo."

Najua ni mwanzo. Siku hizi kila kitu kinaanza pale kinapoanza, na aliyekwenda na maji ndiyo amekwenda. Hakuna chuo cha kukuchelewesha, hakuna adhana ya kukuokoa. Tulitazama, mpagazi akainama, akafunga sanduku lake, akalipandisha kichwani. Hapo nikaizima simu, nikaikalia.

Rukia anaitaka simu yake mpaka sasa. Mimi bado nimekaa.