Zawadi ya shangazi imo ndani ya tangi

Leo shangazi kaja kutoka Mbweni na zawadi yangu, nami nikashindwa kuikataa.

Ni samaki. Mkubwa kama kiganja, kwenye mfuko wa plastiki.

Tangini mwangu mna mbuna wanne, samaki wadogo wa manjano wa Ziwa Nyasa. Jike mmoja anaatamia mayai mdomoni, wiki nzima hajala. Nimesoma kwamba akitishwa huyatema.

Nikasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, huyu hakai na wadogo."

"Samaki na samaki, mwanangu. Watazoeana." Akammimina.

Mama akanitupia jicho. Kwetu zawadi hairudishwi mbele ya aliyeileta. Nikaenda kutia chai.

Niliporudi, watatu walikuwa wamejibana nyuma ya jiwe. Jike alikuwa peke yake pembeni, na yule mkubwa mbele yake, katulia kabisa.

"Unaona?" akasema shangazi. "Keshapata shoga."

Jike akafumbua mdomo.

Mayai yakashuka taratibu, na mkubwa akayala moja moja.

"Mnampa chakula kizuri," shangazi akasema, akaomba kikombe cha pili.

Naandika haya jikoni, maji yanachemka. Nyie mngemwambiaje? Nijibuni upesi, maana kupitia mlangoni naona yule mkubwa sasa anamzunguka jike mwenyewe.